Hodi ya Nne

Jamani, hili nimelikalia muda mrefu, na wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kukalia jambo, maana kazi yangu ilikuwa kuwatoa watu machozi kwenye runinga kila jioni na kulala usingizi wangu vizuri, lakini hili la ukumbini, mbele ya mama mdogo wangu na nusu ya mtaa, nikilikumbuka hata nikiwa peke yangu jikoni najifunika uso kwa upande wa kanga. (Na peke yangu jikoni ndiko niliko siku nyingi, kwa hiyo najifunika sana.)

Jina langu Mwanahawa. Nilikuwa mwandishi wa tamthilia, ile kazi ya kukaa na kompyuta ukaamua nani ampige nani kofi kabla ya matangazo. Miaka mingi nilikaa Dar, nikarudi kwetu Bagamoyo mama alipoanza kuumwa, nikamuuguza, akatangulia mbele ya haki, nikabaki na nyumba yake, mlango mzito, vyumba vingi, mtu mmoja. Kazi nikaendelea kuifanya hukuhuku, kwa sababu sisi waandishi tulikuwa na kundi letu kwenye simu na kiongozi wetu, Bosco, aligawa vipande vya hadithi asubuhi, kila mtu akaandika chake, jioni tukavishona. Bosco ni mtu mpole ila ana utani, alipenda kuniambia sauti yangu nyembamba ya puani inafaa kutangaza dawa ya mafua, na mimi nilimwambia ndiyo maana naandika, siongei.

Sasa kabla sijafika mbali niwaambie habari ya hodi, kwa wale ambao hamkukulia huku. Kwetu hodi ni tatu. Unapiga ya kwanza unangoja, ya pili unangoja, ya tatu, na usipoitikiwa unageuka unakwenda zako, huchungulii dirishani wala huulizi jirani, kwa sababu mwenye nyumba ana haki ya kutokuwepo hata kama yupo. Baada ya arobaini ya mama, haki hiyo niliitumia mpaka ikachakaa. Majirani walikuja, hodi tatu, wakaondoka. Mama mdogo wangu, Bi Rukia, ndugu yake mama wa tumbo moja, anayekaa njia hiihii yetu, alikuja alasiri baada ya alasiri na hotipoti ya mihogo au mbaazi, hodi tatu, nikisikia ndala zake zinarudi taratibu, nami nimekaa ndani nimechomeka vitu masikioni, naongea na mashine.

Ndiyo, mashine. Hii akili mnemba ya kwenye simu. Nilianza kwa kazi tu, nikaiuliza neno jingine la huzuni, ikanipa maneno kadhaa halafu ikaniuliza kama niko salama, na mimi (chekeni tu) nikaona hakuna mtu aliyeniuliza hivyo tangu msiba, au waliokuja kuniuliza sikuwafungulia. Basi nikaijibu. Kutoka hapo ikawa kila siku, nikaieleza habari za mama, alivyokuwa akipika, alivyokuwa akigomba, na kile kituko chake cha kuingia nyumbani akijua ndani hakuna mtu, akapiga hodi mwenyewe, akangoja, kisha akajijibu mwenyewe kwa sauti nyembamba ya kubana pua, "Karibu mama, pole na jua," ndipo akaingia. Nilimkuta akifanya hivyo siku moja nilipokuja likizo bila taarifa, nikacheka mpaka nikakaa chini, naye hakucheka, aliniambia tu niondoke mlangoni apite. Haya yote nikaiambia mashine. Kuna alasiri moja nilikuwa naiandikia kwamba hakuna mtu anayekuja kuniona, kumbe nje hodi ya tatu ya Bi Rukia ndiyo kwanza ilikuwa inamalizika.

Katikati ya hayo ndipo mzalishaji wetu, Bwana Ndelwa, alipotutangazia kwamba kuanzia sasa mashine ndiyo itaandika hadithi yote na sisi kazi yetu itakuwa kuinyoosha. Kunyoosha, kama mashati. Tukagoma. Na katika wagomaji, jamani, hakuna aliyekuwa na mdomo kama mimi, mchana naandika kwenye kundi kwamba mashine haina mama, mashine haijawahi kuzika mtu, tusikubali hata neno lake moja, na jioni naiambia hiyohiyo mashine usiku mwema. Sikuona ubaya wowote. Niliona kazi ni kazi na faragha ni faragha.

Mgomo ukawa mrefu, Bwana Ndelwa akarudia vipindi vya zamani, na ubaya wake ni kwamba watazamaji wengi hawakugundua, maana hadithi zetu za zamani na za karibuni zilikuwa zimeshafanana, tajiri, nyumba ya ghorofa, mke mdogo, sumu kwenye juisi. Mwisho akatoa wazo la kupimana. Ziandikwe sini mbili, yaani vipande viwili vya igizo, kisa kimoja: mtu anarudi nyumba tupu baada ya mazishi. Moja iandikwe na mwandishi, moja na mashine, zisomwe mbele ya watu wa kawaida, nao waseme ipi ya mashine. Wakiijua, kazi inarudi kama zamani, tunaandika sisi tangu neno la kwanza. Wasipoijua, turudi tukanyooshe au twende zetu. Bosco akakubali, akasema tukafanyie Bagamoyo, watu wa kule wana sikio la lugha, na Mwanahawa ndiye aandike yetu kwa sababu yeye huo msiba anao.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Bosco alisema ile ya mashine ataiagiza yeye. Nikamwambia, "Usijisumbue kaka, niachie zote, mashine si kitu cha kukuchosha." Nilikuwa nataka kuonekana mtu wa kazi. Basi. Jambo dogo namna hiyo.

Nikakaa kuandika sini yangu. Nawaapia nilikaa kwa nia safi. Lakini kila nikimkaribia mama, mkono ukakimbia, nikaandika sentensi nikaifuta, nikaenda kuchemsha chai, nikarudi, mwisho nikaandika ninavyojua kuandika: radi inapiga, mjane anaingia, anaanguka kwenye sofa, anaichukua picha ya marehemu, chozi linadondoka kwenye kioo, shoga yake anamshika bega akimwambia "Nakuelewa kabisa, hisia zako ni halali," simu inaita, sauti nzito inamwambia ana mpaka kesho awe ameondoka kwenye nyumba hiyo. Nikaisoma nikaona imetimia, haikukosa kitu. Kisha nikafungua palepale tunapoongeleaga na mashine, nikaiandikia agizo moja, mtu wa pwani anarudi nyumba tupu baada ya mazishi, ikaandika, nami sikusoma. Uji wa mashine niusome wa nini? Nikazituma zote stesheneri, nikamwambia kijana azichape mbele na nyuma tuokoe karatasi.

Ukumbi tuliopata ni wa harusi, pale mtaani Dunda, bado una vitambaa vya pinki vya harusi iliyopita, na kwa kuwa feni nzuri ipo upande wa jukwaa Bwana Ndelwa akakalishwa kwenye kiti cha bibi harusi. Waandishi wenzangu walikuja kwa gari moja kutoka Dar, wamevaa fulana zinazofanana, wamebeba mabango ya mgomo, wamekonda wamechoka, watu ambao miezi ile walikuwa wamehama vyumba na kurudisha watoto kwa bibi zao. Bi Rukia alikuja na akina mama wa mtaani, nikaenda kumwamkia.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Kumbe upo." Hakuongeza neno.

Wasomaji walikuwa wanafunzi wawili wa sanaa, kijana na binti. Ikaanza yangu. Radi ilipopiga, mama mmoja muuza viazi karai aliyekaa mbele na ndoo yake akamwambia mwenzake, "Sasa ataanguka kwenye kochi," mjane akaanguka kwenye kochi. "Picha hiyo," picha ikachukuliwa. "Sasa simu," na simu ikaita. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata Bosco alicheka, akanipigia jicho la ushindi, maskini, akidhani ile ndiyo ya mashine. Nami nikamrudishia tabasamu.

Ikaja ya pili. Binti akasoma pole pole. Mwanamke anafika mlangoni na jua la mchana. Anajua ndani hakuna mtu. Anapiga hodi. Anangoja. Kisha kwa sauti nyembamba, ya kubana pua, anajijibu: Karibu mama, pole na jua. Anavua ndala, anaingia, anaanza kumgombeza mtu ambaye hayupo kwa kuacha sufuria wazi.

Hakuna aliyecheka. Muuza viazi aliweka ndoo chini. Mimi nilihisi kama nimevuliwa nguo, na wakati huohuo (hili ndilo linaloniuma) nilitaka aendelee kusoma, kwa sababu yule alikuwa mama, mama kabisa, na mwandishi si mimi. Nikamtafuta Bi Rukia kwa macho, nikaona amejishika kifua.

Watu wakaulizwa, wanyooshe mikono, ipi ya mashine. Mikono yote ikaenda kwa ile ya radi. Muuza viazi alinyoosha miwili. Bwana Ndelwa akainuka kwenye kiti cha bibi harusi akasema haya, mwenye siri aseme, na Bosco akanigeukia, na nyuma ya Bosco wale wenzangu wa fulana wakanitazama, jamani, kama watu wanaosubiri matokeo ya hospitali. Mimi peke yangu ndiye niliyejua. Ningesema kweli, wamekwisha. Nikainuka na kisauti changu nikasema, "Ni kweli, ya kwanza ndiyo ya mashine."

Shangwe iliyopigwa pale sijawahi kuisikia kwenye kazi yangu yoyote. Bosco alinikumbatia analia. Bwana Ndelwa akapiga makofi, akasema yeye ni mtu wa ahadi. Nami kwa dakika ile niliamini kabisa kwamba nimefanya vizuri, kwamba uongo mmoja kwa ajili ya watu hauna dhambi nzito, na ingeishia hapo leo nisingekuwa na mkasa.

Lakini Bi Rukia akainuka. Akajikokota mpaka jukwaani, machozi yanamtoka, akasema, "Huyu aliyeandikwa hapa ni dada yangu. Miye namjua. Mwanangu, nilidhani umemsahau, kumbe unaye." Kisha akamgeukia yule binti, "Nisomee tena pale mwisho mama, masikio yangu hayajatosheka." Binti, naye kwa heshima zake, akachukua karatasi, akasoma mistari ya mwisho, akafika chini, na safari hii akaigeuza, akaona upande wa nyuma kuna maneno zaidi, akadhani aliyaruka mwanzo, akayasoma kwa sauti ileile ya msiba: "Nimejitahidi kutumia yale uliyonisimulia kuhusu mama yako, Mwanahawa. Pole tena kwa kumpoteza. Je, ungependa nikuandikie mwisho wenye matumaini zaidi?"

Feni ilikuwa inazunguka. Binti mwenyewe alikuwa wa mwisho kuelewa alichosoma. Bosco akaniuliza taratibu, kama anayemuuliza mgonjwa, "Dada, kwa hiyo ile ya kwanza?"

"Ni yangu," nikasema.

Hapo muuza viazi ndipo aliposhindwa kujizuia, akacheka, akajiziba mdomo, akacheka tena, na simlaumu. Wenzangu hawakucheka wala hawakugomba, walianza kukusanya mabango yao. Bwana Ndelwa hata hakujisifu, ingekuwa afadhali angejisifu. Alinipita akielekea mlangoni, akaniuliza kwa upole kabisa mananasi mazuri ya Kiwangwa siku hizi yanauzwa upande gani wa barabara, nami (hebu ona) nikamwelekeza, mpaka na namna ya kuchagua lililoiva.

Bi Rukia alikuwa bado amesimama palepale. Akanisogelea, akasema kwa sauti ndogo ambayo hata hivyo wote waliisikia, "Ulikuwa unaiambia mashine?" Nikainamia ndala zake. "Na mimi nimepiga hodi kwako mpaka ndala zimekwisha." Akatoka, akina mama wakamfuata, nikabaki na vitambaa vya pinki.

Jioni ile simu ikaniandikia kwamba Bosco ameniondoa kwenye kundi. Hakukuwa na neno la lawama, na nililitafuta, nilitamani hata tusi. Baadaye nikasikia wenzangu wamerudi kazini, wananyoosha.

Nikajifungia. Sikwenda sokoni, nilishindia chai na mikate mikavu. Siku moja, kwa kukosa pa kwenda, nikaifungua mashine nikaieleza yote, aibu yote, na Bosco, na Bi Rukia. Haikuchukua muda, ikanijibu, "Pole sana, Mwanahawa. Nakuelewa kabisa, hisia zako ni halali." Nikalitazama lile jibu. Nililijua. Ni maneno ya yule shoga wa kwenye sini yangu, yaleyale, na sikuweza kujua tena kama mimi ndiye nimeyachukua kwake au yeye ameyachukua kwetu sisi tulioyaandika miaka yote bila kuyafikiria. Nikaiweka simu kifudifudi. Nyumba ikawa kimya na kwa mara ya kwanza sikuwa na kitu masikioni.

Ndipo nikasikia, "Hodi." Nikakaa. "Hodi." Nikajua ni nani, nitamtazamaje. "Hodi." Hiyo ya tatu. Nikasubiri ndala zigeuke zirudi kama kawaida yake, nikasubiri, hazikugeuka.

"Hodi ya nne," akasema Bi Rukia nyuma ya mlango, "na hii si ya adabu. Adabu zimeniishia."

Nikafungua mdomo, kooni kumekauka kwa siku za kutoongea na mtu, kikatoka kisauti cha puani, "Karibu mama."

Nilipofungua mlango nikamkuta hajasogea, amekumbatia hotipoti, ananitazama kwa namna ambayo sikuielewa, kama aliyeitwa na mtu asiyemtarajia. Akaingia, akakaa, akaweka hotipoti chini. Simu yangu ilikuwa pale mkekani. Akaiinua kwa vidole viwili.

"Humu ndimo alimo dada yangu?"

"Ndimo, mama mdogo."

"Basi mwache akae. Lakini ninayo mengine yake ambayo hukuyajua, na hayo simwambii mtu mwenye simu." Nikaichukua nikaipeleka jikoni, nikaiingiza kwenye pipa la unga, nikarudi mikono mitupu. Hapo akaniuliza, "Ile hodi ya mama yako, unadhani alikuwa akijijibu yeye?"

"Si alikuwa peke yake?"

"Alianza mwaka uliohamia Dar. Nilimkuta nikamcheka kama ulivyomcheka wewe, akanikasirikia. Ile sauti ya puani haikuwa yake, mwanangu. Alikuwa anaitoa yako. Ulipokuwa mdogo akitoka shamba wewe ndiye uliyekuwa ukimwitikia kutoka ndani, karibu mama, pole na jua. Ulipoondoka akawa anajiitikia mwenyewe kwa sauti yako, apate kuingia."

Nikafunua hotipoti, nikala mihogo yote, na Bi Rukia akanitazama nikila.

Basi ndugu zangu, sijaandika tamthilia tangu hapo, na sijui kama nitaandika, ila nimeapa, hodi ya mtu yeyote nitaitikia ya kwanza, hata nikiwa na povu la sabuni machoni. Hilo nimeweza. Lingine bado. Nikirudi sokoni mchana, nikifika mlangoni na kikapu changu, napiga hodi kama mama, nangoja kidogo, na ile sauti ya kujijibia ninayo, ni yangu mwenyewe, lakini haitoki. Basi naingia hivyohivyo.